Niliuza Ngamia Nikanunua Kioo

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka tisa, ng'ombe wa baba walianza kulala mchana na kukataa kusimama. Tulikuwa Hadado, upande wa Wajir. Walitangulia wazee, wakafuata wenye ndama, kisha ndama wenyewe, na baba akabaki na fimbo mkononi bila cha kuchunga. Shule nilikuwa nimeionja mpaka darasa la pili, nikatolewa. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani mzee huyu anajifanya profesa. Kitabu cha Kiingereza siwezi kukisoma. Barua ya serikali nampa binti yangu anisomee. Lakini lenzi naijua, na ninachokijua sikupewa na mtu aliyevaa tai.

Siku hizi nimestaafu, ila vijana wa Garissa bado mnanijia nyumbani, kila mmoja na kamera yake begani. Mnaniita Abti, yaani mjomba, mnakunywa chai yangu, kisha mnatoa swali lile lile. "Abti, nataka lenzi ya makro, ile ya vitu vidogo. Napiga vitu vya maduka, manukato, saa, dhahabu, na pia napiga sura za watu. Ninunue ipi?" Kabla sijajibu mnaongeza, "Ile inayokaribia zaidi ni ipi?"

Hapo huwa nacheka, nanyi mnadhani nawacheka nyinyi. Najicheka mwenyewe. Swali hilo niliwahi kuliuliza kwa mdomo wangu huu, na likanila ngamia. Basi nimeamua kuliandika jibu, maana nimechoka kulirudia. Naandika polepole, kwa Kiswahili nilichokiokota dukani. Mwenye kutaka kusahihisha herufi asahihishe akishamaliza kusoma.

Garissa nilifika kijana, nikapata punda wa mtu, nikawa nachota maji ya Tana na kuuza nyumba kwa nyumba. Mteja wangu mkubwa hakuwa mwenye hoteli. Alikuwa Mzee Swaleh, mtu wa Lamu, mwenye studio ya picha karibu na soko. Siku moja nikamwuliza, "Mzee, wewe unaoga mara ngapi?"

"Mimi siogi, kijana," akanijibu. "Zaoga picha."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Aliniajiri nimpozee maji. Nyinyi hamwoshi filamu siku hizi, lakini jueni tu kwamba dawa ya kuoshea ilitaka maji baridi, na maji ya Garissa hutoka mtoni yakiwa kama yamepita jikoni. Ukiosha filamu kwa maji ya moto, sura ya mtu inatoka na vipele, na wakati mwingine ngozi ya filamu inabambuka kabisa. Nilijifunza kuufunga mtungi kwa gunia lililolowa, nikauweka mlangoni unapopita upepo, na kazi ya kuosha tukaifanya asubuhi kabla jua halijapata nguvu. Chuo changu cha picha kilianza kwenye mtungi.

Mzee Swaleh hakuwa na lenzi ya karibu. Siku moja mtu mmoja alileta kipande cha marehemu baba yake, kile kitambulisho chenye picha ndogo kama ukucha wa kidole gumba, akaomba ile sura ikuzwe atundike ukutani. Mzee akavua miwani yake ya kusomea, akaifunga mbele ya lenzi kwa plasta ya hospitali. Picha ikatoka. Katikati safi, pembeni kama umeitazama kwa machozi. Mwenye baba akaridhika. Lakini Mzee alishinda siku nzima bila miwani, akamimina dawa ya pili kwenye sinia ya kwanza, na harusi nzima ya watu ikafutika.

"Usiwaambie ni miwani," akasema. "Waambie ni umeme."

Umeme kule kwetu ulibeba dhambi nyingi za watu.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kama kazi yako ya vitu vidogo ni mara moja kwa mwezi, usinunue lenzi ya makro. Nunua pete za kuweka kati ya kamera na lenzi uliyo nayo. Hazina kioo ndani, hazina cha kuharibika, na zitakusogeza karibu vya kutosha. Lenzi ya makro ni ya mtu ambaye vitu vidogo vinamlisha.

Mimi vilianza kunilisha katikati ya miaka ya tisini. Mzee Swaleh alikuwa amerudi kwao Lamu, akaniachia studio na kamera moja yenye lenzi moja. Akaja Edo Halima. Edo ni shangazi. Hakuwa shangazi yangu wa damu, lakini soko zima lilimwita hivyo, kwa heshima na kwa hofu. Aliuza dhahabu. Zamani wanawake aliowatuma walikuwa wanaipeleka mpaka Mandera ndani ya magunia ya sukari, lakini miaka ile barabara ilikuwa ya majambazi, na hata malori yakitembea na askari mtu hakuwa na hakika ya kufika.

"Dhahabu haipandi lori tena," akaniambia. "Picha ndiyo itapanda. Nataka albamu. Mwanamke wa Mandera aiweke mapajani, aone kila pete ya mkufu kama anaushika. Akichagua, nampelekea kile kimoja kwa ndege ya miraa, mkononi mwa mtu ninayemjua."

"Edo, kamera yangu haisogei karibu hivyo."

"Kwani mimi nimekuuliza kamera yako inafanya nini? Nimekuambia ninachotaka."

Nikaenda Nairobi. Mwenye duka akaniwekea lenzi mbili juu ya kitambaa. Moja fupi, ya milimita hamsini. Nyingine ndefu, ya milimita mia. Akanieleza kwa uzuri kabisa kwamba zote mbili ni za kazi hiyo, zote zitaifanya pete ionekane kwenye filamu kwa ukubwa wake wa kweli. Nami nikauliza lile swali lenu. "Ipi inakaribia zaidi?"

"Hii fupi. Karibu uiguse pete."

"Basi hiyo."

Akachukua lenzi yangu ya zamani, nikaongeza pesa juu, nikaondoka na ile ya hamsini nikijiona mtu mkubwa. Hakunidanganya. Alijibu nilichouliza. Nilinunua lenzi kama tunavyonunua mbuzi pale soko la mifugo: nilifungua mdomo, nikatazama meno, nikaridhika. Sikuuliza mbuzi huyu amezoea malisho gani.

Dhahabu yenyewe ikanifundisha kwanza. Lenzi fupi ukiisogeza mpaka kitu kijae, inakaa juu ya kitu kama kuku juu ya yai, na mwanga unaingilia wapi? Kivuli chako mwenyewe ndicho kinachopigwa. Nikawa natumia vipande vya kioo kurudisha mwanga kutoka mlangoni, huku na huku, kama mtu anayeongoza mbuzi kwa tochi. Halafu bangili ni kioo pia. Nilipiga bangili nzuri ya Edo, nikaikuza, ndani yake nikajiona mimi mwenyewe, kichwa chembamba, nimeshika kamera, na nyuma yangu mtu anapita na mkokoteni. Dawa yake ni kitambaa cheupe. Nilichana kanzu yangu kuukuu, nikaizungushia dhahabu kama hema, nikatoboa pa kupenyeza lenzi. Bado mnaweza kufanya hivyo leo. Hayo masanduku meupe ya taa mnayonunua ni kanzu yangu tu imewekewa umeme.

Na lile tundu la ndani ya lenzi linalopitisha mwanga, lifungeni mpaka liwe dogo kabisa. Ukiwa karibu vile, sehemu inayoonekana safi ni nyembamba kama ukingo wa kisu: pete moja ya mkufu iko wazi, ya nyuma yake imeingia ukungu. Tundu dogo, stendi nzito, na mkono usiguse kamera. Mimi nilining'iniza jiwe chini ya stendi, kwa sababu lori likipita Garissa yote inatikisika.

Albamu ikatoka, ikaenda Mandera, watu wakaisifu. Baada ya muda Edo Halima akaingia studio bila salamu.

"Waryaa, wewe kijana, umeniletea vita."

"Vita gani, Edo?"

"Kuna mwanamke amerudisha herini. Anasema kwenye picha zilikuwa kama kisahani cha chai, mkononi zimekuwa kama kifungo cha shati. Anauliza zimenywea kwa jua au zimenywea ndani ya ndege."

Nilikuwa nimekuza kila kitu mpaka kijae ukurasa, kikuku sawa na kipini. Mimi nilijua ukubwa wake kwa sababu nilivishika. Yeye atajuaje? Nikarudia albamu yote, na pembeni ya kila kitu nikaweka kokwa ya tende. Hakuna nyumba ya Mandera wala ya Kutulo isiyojua ukubwa wa kokwa ya tende. Nyinyi wekeni mnachotaka, lakini kiwe kitu ambacho mteja amekishika tangu utotoni.

Hayo ni ya vitu. Sasa nije kwa watu, kwa sababu hapo ndipo nilipopotea.

Edo Halima alikuwa na binti, Fartun, na Fartun alilelewa na bibi yake, Ayeeyo Shamsa, maana mama mtu alikuwa njiani na biashara. Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali. Fartun aliolewa na kijana aliyekuwa Kanada, karatasi zikatoka, safari ikapangwa. Akanijia studio kabla ya mama yake kujua.

"Abowe," akasema, na abowe ni kaka, "nataka picha ya Ayeeyo. Uso tu. Si mzima mzima amesimama kama mlingoti. Nataka uso ninaouona akinisuka nywele."

"Amewahi kupigwa?"

"Ya kipande tu, na ile alifumba macho."

Ayeeyo alikuwa ameshaanza kuumwa miguu na kifua, na Kanada si mahali pa kwenda na kurudi kama Wajir. Wote tulijua kwamba wawili hawa wakiagana wameagana.

Wakamleta, Fartun mkono huu, Edo Halima mkono ule. Nikamketisha karibu na mlango ambapo mwanga ulikuwa mzuri. Chumba changu kilikuwa kidogo. Nikitaka uso ujae kwa lenzi ya hamsini, ilibidi nisogee mpaka magoti yetu yakaribiane. Mtaniuliza, kwa nini hukurudi nyuma ukakuza baadaye? Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Na hata ukutani, uso ulikuwa kama punje. Ukikuza punje unapata mchanga.

Nikasogea. Ayeeyo akageuza macho kwa mjukuu wake.

"Fartun, huyu anataka kunipiga picha au kuninyoa?"

"Ayeeyo, ni kifaa chake kinachotaka karibu."

"Kifaa hakina pumzi. Hii ninayoinusa ni pumzi ya mtu, na amekula kitunguu."

Edo Halima akajikaza asicheke. "Hooyo, mama yangu, vumilia kidogo."

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakunikaribia hivi mchana."

Nilibonyeza mara moja tu. Papo hapo akavuta mtandio wake mpana akajifunika uso wote, akasimama kwa nguvu ambazo miguu yake haikuwa nazo. "Nimekaa na uso wangu miaka yote hii," akasema kutoka ndani ya kitambaa, "siuleti dukani kunuswa." Wakamwondoa polepole. Edo Halima alipofika mlangoni alinigeukia mara moja, na hakuwa anacheka tena.

Picha nikaiosha. Pua imetangulia kama ya ngamia anayenusa maji, mashavu yamekimbilia nyuma. Ndivyo lenzi fupi inavyofanya uso ukiwa karibu. Kilicho mbele inakipandisha cheo. Na macho yalikuwa makavu. Fartun aliishika muda mrefu.

"Abowe, hivi ndivyo Ayeeyo anavyomtazama fisi," akasema. "Mimi hajawahi kunitazama hivi."

Akairudisha juu ya meza. Akasema safari ni baada ya Ijumaa ya pili, akaenda.

Nilikaa na ile lenzi mkononi. Dhahabu haina haya. Ukiisogelea mpaka uipumulie haifuniki uso, haisimami ikaenda zake. Mimi nilinunua lenzi nikiwa nafikiria mkufu, nikasahau kwamba nusu ya wateja wangu ni wanawake wa Garissa, mke wa mtu, mama wa mtu, na mimi ni mwanaume asiye ndugu yao. Kuna umbali ambao mtu wa kwetu anampa mwanamke asiye wake, hakuna aliyeupima lakini kila mtoto anaujua. Mimi niliujua tangu Hadado. Ajabu ni kwamba niliuacha mlangoni pa duka la Nairobi.

Nilikuwa na ngamia jike mmoja, wa maziwa. Alikuwa mnyama wa kwanza niliyemnunua kwa kazi ya mikono yangu, baada ya yale yaliyompata baba, na ndugu yangu mkubwa Ibrahim alinichungia pamoja na wake. Kiangazi kile alikuwa amewashusha karibu na Tana. Nikamfuata, nikamwambia nataka kumuuza yule ngamia.

"Umepata msiba?"

"Hapana. Nataka lenzi."

Akafikiri hakusikia. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza taratibu, kama kadhi.

"Hicho kioo kitazaa?"

"Hakitazaa."

"Mwaka wa ukame kitakunywesha maziwa?"

"Hakitaninywesha."

"Kikivunjika tutakula nyama yake?"

"Ibrahim, nimeshaamua."

"Basi wewe ndiwe ukame," akasema. "Baba ukame aliletewa na Mungu. Wewe unaufuata mwenyewe kwa miguu." Akanifungulia yule ngamia, akanipa kamba bila kunitazama. Tulikaa muda mrefu bila kusemeshana, na mnunuzi alipomchukua sokoni niligeuka upande mwingine nikajifanya nahesabu mbuzi za watu.

Nairobi tena. Safari hii sikuuliza kinachokaribia. Nilimwomba mwenye duka asimame mlangoni pake, nikamtazama kwa ile lenzi ya mia mpaka uso wake na kilemba vikajaa. Halafu, kamera ikiwa bado jichoni, nikanyoosha mkono. Sikumfikia. Nikanyoosha tena mpaka bega likauma. Sikumfikia. Akaniuliza kama niko mzima.

Shikeni hicho, vijana, kimenigharimu. Ukitaka lenzi ya kupiga vitu na watu pia, jaza uso wa mtu kisha nyoosha mkono. Ukimgusa, lenzi hiyo ni fupi kwa nchi hii. Mia, au tisini, au mia na tano, zote ni ndugu. Kwa dhahabu nazo ni bora, kwa sababu zinakuacha nyuma kidogo na mwanga unapata njia. Kulikuwa na ile ya mia mbili vilevile. Nikaikataa. Ni nzito kama mtoto aliyelala, na kwa studio yangu ingenibidi nisimame barabarani nimpige mtu aliye ndani.

Kama unayoinunua ni kuukuu, ipeleke mlangoni uitazame kwa tochi. Utando mweupe kama wa buibui ndani ya kioo ni ukungu, iache hapo hapo. Halafu fungua na ufunge tundu, utazame zile bati nyembamba zinazolifunga. Zikiwa na mafuta, iache pia, maana joto la Garissa litayayeyusha yote na tundu litakwama. Na asitishwe mtu na kampuni gani imeandikwa. Nimeona majina makubwa yakimeza vumbi.

Nikarudi na lenzi. Ayeeyo akakataa kata kata. Fartun akalia, Edo Halima akabembeleza, haikusaidia. Mwishowe nilikwenda mwenyewe mpaka uani kwao, nikasimama mbali, nikasema kwa sauti asikie ndani, "Ayeeyo, safari hii sisogei. Wewe kaa ndani, mimi nibaki hapa nilipo."

Kisha ikatoka sauti. "Hapo ulipo?"

"Hapa hapa."

"Mguu wake usivuke kizingiti," akamwambia Fartun, kana kwamba mimi sisikii Kisomali. "Na kitu kingine. Ile filamu yake, aitoe, aniletee mkononi. Sitaki uso wangu ulale kwenye chumba cha mwanaume nikishakufa, na aje autundike dirishani pamoja na maharusi."

"Nitaileta, Ayeeyo."

"Apa."

Nikaapa.

Akaketi ndani kwenye kigoda, hatua moja kutoka mlangoni, mwanga wa ua ukimjia usoni kwa upole, nyuma yake giza. Hakuna studio duniani iliyo na taa kama mlango wa nyumba ya kwetu asubuhi. Nikaishusha stendi mpaka usawa wa macho yake, maana mzee hapigwi kutoka juu kama mtoto aliyekosa. Tundu nikalifungua safari hii. Lenzi ya makro ni kali, inahesabu kila kinyweleo. Ukifunga tundu kwa sura ya mtu kama unavyofanya kwa dhahabu, bibi harusi atakurudishia picha na matusi. Fungua, lenga jicho lililo karibu, mengine yaache yalainike.

Fartun nikamketisha pembeni ya kamera, chini. Nikamwambia azungumze naye. Sikusema tabasamu, sikuhesabu moja mbili tatu. Nilishika ule waya wa kubonyezea nikatazama kando, kama mtu anayengoja gari.

"Umeweka mafuta ya simsim?" Ayeeyo akauliza.

"Kanada kuna mafuta, Ayeeyo."

"Ya nani? Nani kayakamua?"

"Yako dukani."

"Hujui nani kayakamua, unajipaka. Weka ya simsim. Baridi itakupasua visigino."

"Nitaweka."

"Na yule mume wako, akikasirika usimjibu. Ngoja ale kwanza, kisha mjibu."

Fartun akacheka. Ayeeyo naye akaanza kucheka, halafu akaacha. Akamtazama kichwani, pale mtandio ulipokuwa umeteleza kidogo.

"Na kule nani atakusuka?"

Ayeeyo aliendelea kumtazama, akingoja jibu. Mimi nilibonyeza.

Nikaiosha asubuhi iliyofuata kwa maji ya mtungi, na nilipoiona inapanda ndani ya sinia nilijua. Mtu anajua. Sikuwa nimewahi kupiga picha kama ile na sijapiga tena. Kila mkunjo ulikuwa pale, mahali pake, haukuongezwa wala kupunguzwa, na macho yalikuwa yanamwuliza mtu swali. Ningeitundika dirishani, watu wangekuja kutoka Wajir. Karatasi nilikuwa nayo, dawa ilikuwa bado ina nguvu, mlango umefungwa. Nikatoa moja tu, ya Fartun. Zile za majaribio nikazichoma jikoni, nikaukata ukanda wa filamu nikaufunga kwenye karatasi.

Ayeeyo aliipokea picha nikiwa nje ya kizingiti. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, Ayeeyo," Fartun akasema.

Akaitazama tena. "Nimezeeka vizuri," akasema, akampa mjukuu wake. Ule ukanda akaufunga kwenye pindo la mtandio, palipokuwa na funguo.

Fartun aliondoka nayo. Ayeeyo alikufa mvua za mwaka uliofuata, na wa Kanada hawakuweza kuja.

Ilipita miezi. Edo Halima akaja studio, akaketi. Alikuwa amekonda. Nikamtilia chai, akaiacha ipoe.

"Ile picha," akasema. "Ya Fartun iko Kanada. Mimi nataka ya hapa."

"Edo, nilitoa moja tu."

"Na filamu? Nimetafuta nguo zake zote, pindo zote. Haipo. Sijui aliichoma, sijui ilizikwa naye."

"Nilimpa mkononi."

"Wapiga picha huficha. Kila mtu anajua mnaficha. Hata moja iliyoharibika? Hata nusu?"

"Zilizoharibika nilizichoma."

Akatazama ukuta wangu wa maharusi, mmoja mmoja, kama anatafuta nafasi.

"Nimekuja njia nzima nikimwomba Mungu uwe mwongo," akasema. Akanyanyuka, akajifunga mtandio wake vizuri, akaenda sokoni kufungua duka.

Leo nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, bati lake jipya. Nina duka moja, nimelipangisha kwa muuza simu. Nina ngamia saba Hadado, wanachungwa na mwana wa Ibrahim. Nina binti wanne na mvulana mmoja, wote wamesoma kunizidi. Nina kamera mbili, moja imekufa. Nina lenzi ya mia, ina mkwaruzo mmoja ukingoni, bado inafanya kazi. Nina kabati la filamu za watu wa mji huu, na mwenye yake akija anaichukua. Picha ya Ayeeyo Shamsa sina.